Karthala: Mlima wa mvua tele usio na mto hata mmoja

Somo la wiki kwa wanaopenda kupanda milima

WAKAZI wengi wa miji yetu siku hizi wamezoea kuondoka mjini mwishoni mwa juma na kwenda kutafuta hewa safi milimani. Jumamosi alfajiri utawakuta kando ya barabara, mikoba mgongoni, wakingoja gari la kuwapeleka Ngong, Longonot au Ol Donyo Sabuk. Ni jambo la kheri. Shirika la Afya Duniani linashauri kwamba mtu mzima afanye mazoezi ya wastani kwa muda wa dakika 150 hadi 300 kila wiki, na hakuna zoezi lililo rahisi na la bei nafuu kuliko kutembea.

Hata hivyo, mlima si uwanja wa michezo. Kila mlima una tabia yake, na anayeupanda bila kuijua tabia hiyo hujitafutia maradhi badala ya afya. Juma hili, msomaji mpendwa, tutachukua mlima mmoja tu tuusome kutoka chini hadi juu. Nao ni Karthala, ulioko kisiwa cha Ngazidja nchini Komoro, kati ya pwani ya Msumbiji na Madagaska. Tumeuchagua kwa sababu mbili. Kwanza, ni mlima wa jirani zetu. Wenyeji wake wana jamaa zao Mombasa, Lamu na Unguja, na lugha yao ya Shingazidja ni ndugu ya Kiswahili. Pili, Karthala ni volkeno hai inayoinuka moja kwa moja kutoka baharini. Anayeweza kuupanda salama atakuwa amejifunza karibu kila jambo linalohitajika katika milima ya namna hiyo.

Ni mlima wa aina gani?

Karthala una urefu wa mita 2,361 juu ya usawa wa bahari. Huenda msomaji wa Nairobi akacheka, kwa kuwa vilima vya Ngong vinafika mita 2,460. Asicheke mapema. Aendaye Ngong huanza kutembea akiwa tayari ameinuliwa sana na gari. Aendaye Karthala hulala Moroni, mji mkuu ulio ufuoni, na gari humsogeza mita mia chache tu. Sehemu kubwa iliyobaki ni ya miguu yake. Safari ya kawaida huchukua siku mbili: siku ya kwanza kupanda na kulala mlimani, siku ya pili kushuka.

Mlima huu haukuchongoka kama Kirinyaga. Ni mpana, mithili ya ngao iliyolazwa kifudifudi, kwa sababu umejengwa na lava nyepesi iliyotiririka mbali kabla ya kuganda. Kileleni kuna shimo pana kama sinia, lenye urefu wa kilomita 4 hivi na upana wa kilomita 3. Ndani yake mna mashimo mengine yaliyozama zaidi. Kwenye kimojawapo, kiitwacho Chahalé, palikuwa na ziwa lililotokea baada ya mlipuko wa mwaka 1991. Ziwa hilo liliangamizwa na mlipuko wa Aprili 2005.

Njia inayotumiwa na wengi huanzia upande wa Moroni, kupitia Mvouni na Boboni. Mtu hupita mashamba ya migomba, kisha msitu mnene wenye ukungu, kisha huingia kwenye vichaka vya mwanda wa juu ambako miti huwa mifupi na upepo huwa mkali. Msituni humo anaishi bundi mdogo ambaye hapatikani popote pengine duniani isipokuwa mlimani Karthala. Mbele zaidi kuna mahali panapoitwa Convalescence, jina la Kifaransa lenye maana ya kupata nafuu baada ya ugonjwa. Jina linapendeza, lakini atakayefika hapo bila kujiandaa anaweza kupata kinyume chake.

Somo la kwanza: Maji

Hapa ndipo watu wengi wanapokosea. Mteremko wa magharibi wa Karthala hupata mvua nyingi mno, na mgeni anapoona msitu unavyotiririka maji hudhani kwamba hatakosa kijito cha kujaza chupa yake. Atatafuta hadi achoke. Kisiwa cha Ngazidja hakina mto unaotiririka mwaka mzima. Mwamba wa volkeno una matundu na nyufa, hivyo basi mvua ikinyesha hunywewa na ardhi mara moja. Ndiyo sababu wanavijiji wengi wamejenga matangi ya kukinga mvua kutoka mapaani.

Jambo hili si geni kwetu. Vilima vya Chyulu ni vya volkeno vilevile, na mvua inayonyesha huko huzama ardhini na kuibuka mbali, katika chemchemi za Mzima. Maji hayo husafirishwa kwa bomba hadi Mombasa. Kwa hivyo mkazi wa Mombasa anaweza kuwa anakunywa maji ya Chyulu, ilhali anayetembea juu ya Chyulu kwenyewe anaona kiu.

Sasa tupige hesabu. Mtu anayepanda mlima katika joto la pwani anaweza kutoa jasho la nusu lita hadi lita moja kwa saa. Tuchukue kiwango cha chini:

Kupanda kwa saa 8, nusu lita kila saa: lita 4.
Kupika na kunywa jioni na usiku: lita 2.
Chai ya asubuhi na kushuka: lita 3.
Akiba ya dharura: lita 1.

Jumla ni lita 10, na lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja. Hiyo ni nusu ya ule mtungi wa lita 20 tunaoujua sote, ukiwa mgongoni, kabla hujatia chakula, blanketi na hema. Hii ndiyo maana wapandaji wenye busara huajiri mpagazi pamoja na kiongozi wa njia. Kumlipa mpagazi si anasa wala uvivu. Ni sehemu ya afya yako. Na usisahau kwamba mpagazi naye ana kiu: hesabu ya maji ni ya watu wote wa msafara, si ya wageni peke yao.

Utajuaje kama unakunywa ya kutosha? Tazama mkojo wako. Ukiwa na rangi ya majani makavu mepesi, uko sawa. Ukiwa wa rangi ya chai ya rangi, au ukikaa nusu siku bila haja ndogo, mwili umekauka. Dalili nyingine ni kichwa kuuma, mdomo kunata, kizunguzungu na misuli ya miguu kukaza.

Kuna kosa la pili, ambalo ni kunywa maji matupu kupita kiasi. Anayejilazimisha kunywa lita baada ya lita bila kula chochote anaweza kupunguza mno chumvi iliyomo katika damu, na hilo huleta kichefuchefu, kuchanganyikiwa na hata degedege. Kunywa kidogo kidogo kila mara, na ule njugu zenye chumvi, ndizi, tende au chapati njiani. Aliyeharisha au kutapika apewe maji ya chumvi na sukari: lita moja ya maji safi, vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vikiwa vimesawazishwa juu.

Na maji hayo yawe safi. Mwaka 2024 kipindupindu kiliingia visiwa vya Komoro na kuua watu. Chemsha maji au yatie dawa kabla hujaondoka mjini.

Somo la pili: Joto chini, baridi juu

Kwa wastani, hewa hupoa kwa nyuzi 6.5 kwa kila mita 1,000 unazopanda. Moroni kukiwa na nyuzi 30 mchana, kileleni huwa nyuzi 15 hivi, na usiku hupoa zaidi. Mtu huondoka ufuoni akiwa na fulana iliyolowa jasho, akafika juu penye ukungu na upepo akiwa angali nayo. Hapo ndipo baridi inapomwingia mwilini. Si lazima pawe na theluji ndipo mtu aumizwe na baridi. Nguo mbichi na upepo hutosha.

Dalili ya kwanza ni kutetemeka. Zinazofuata ni kujikwaa, kusema maneno yasiyoeleweka na kupoteza hamu ya kuendelea. Ukimwona mwenzako hivyo, msimkemee kwamba ni mvivu. Mvueni nguo mbichi, mvisheni kavu, mfunikeni kichwa, mpeni kinywaji cha moto chenye sukari akiwa ana fahamu, wala msimpe pombe. Kila mmoja awe na sweta, koti la mvua na soksi kavu zilizofungwa katika mfuko wa plastiki.

Hatari ya upande wa pili hupatikana chini, kwenye joto. Aliyechoka kwa jua hutoa jasho jingi, hulegea na kuona kichefuchefu. Mpumzisheni kivulini na kumnywesha. Lakini akianza kuchanganyikiwa au kuzirai na mwili wake unawaka moto, hiyo ni dharura inayoweza kuua. Mmwagieni maji, mpepeeni, mmwekeeni vitambaa vilivyolowa kwapani na shingoni, na mmoja akimbie kutafuta msaada. Hapo usione uchungu wa kumwaga maji ya kunywa. Uhai wa mtu hautiwi katika mizani na kiu ya wengine.

Je, mwinuko? Maradhi ya mwinuko kwa kawaida huanza kuwasumbua watu kuanzia mita 2,500 hivi, na Karthala haifiki hapo. Kwa hiyo ukiumwa na kichwa juu ya Karthala, usikimbilie kulaumu mwinuko. Shuku kwanza upungufu wa maji, kisha jua, kisha jambo la tatu ambalo tunalieleza sasa.

Somo la tatu: Hewa inayotoka ardhini

Volkeno haitoi moto tu, hutoa na gesi. Kuna tatu za kuzijua. Ya kwanza ni ile ya salfa inayochoma pua na macho na kubana kifua. Mwenye pumu ndiye huumia upesi zaidi. Ya pili hunuka kama yai viza. Hii ina hila: ikiwa nyingi, pua hufa ganzi na mtu huacha kuinusa, akadhani imeondoka kumbe imeongezeka. Ya tatu ni kabonidayoksaidi, ambayo haina rangi wala harufu. Ni nzito kuliko hewa ya kawaida, kwa hivyo hutuama mashimoni na mabondeni kama maji.

Haya si ya kutishana. Mwaka 1903 gesi za Karthala ziliua watu 17. Mbali na hapo, katika safu ya volkeno inayotoka visiwa vya Atlantiki na kuingia bara kupitia Mlima Kameruni, ziwa liitwalo Nyos lilitoa wingu la kabonidayoksaidi usiku wa Agosti 21, 1986. Wingu hilo liliteremka mabondeni na kuua watu zaidi ya 1,700 pamoja na maelfu ya mifugo. Wengi walikuwa ndani ya nyumba zao.

Kanuni ni hizi. Usipige hema shimoni hata kama pana kinga ya upepo. Usiteremke ndani ya kreta bila kiongozi anayepajua. Ukisikia harufu kali, kichwa kizito au pumzi fupi ghafla, panda juu na uelekee upande upepo unakotoka. Na mwenzako akianguka ndani ya shimo lenye gesi, usiruke kumfuata. Mara nyingi anayekwenda kuokoa huwa maiti wa pili.

Kabla ya safari, uliza habari za mlima wenyewe. Moroni kuna kituo cha wataalamu wanaochunguza mitetemeko ya Karthala, na wenyeji wa vijijini husikia mapema mlima unapobadilika. Mwaka 1977 lava iliteremka hadi kijiji cha Singani na kuharibu nyumba. Mwaka 2005 mlima ulilipuka mwezi Aprili na tena Novemba; maelfu walihama, na majivu yakaingia katika matangi ya maji, watu wakakosa maji safi ya kunywa. Ulilipuka tena Mei 2006 na Januari 2007. Ukiambiwa mlima umefungwa, shukuru na urudi pwani ukaogelee. Majivu yakikukuta njiani, funika pua na mdomo kwa barakoa au kitambaa, vaa miwani, na usinywe maji yaliyokaa wazi.

Somo la nne: Miguu

Lava iliyoganda ni kali kama vigae vya chupa. Ndara na viatu vya raba vyenye soli nyembamba havifai. Nunua viatu vinavyofunika kifundo cha mguu, na uvijaribu jioni, kwa sababu miguu huvimba kidogo kufikia wakati huo. Kidole gumba kisiguse ncha ya kiatu, la sivyo wakati wa kushuka kucha zitaumia. Vivae nyumbani na kazini kwa majuma kadhaa kabla ya safari. Kata kucha mapema. Ukihisi sehemu ya mguu inaanza kuwaka, simama papo hapo ubandike plasta. Anayesema "nitaangalia tukifika" hufika na lengelenge lililopasuka.

Udongo wa volkeno una funzo jingine. Nchini Ethiopia, Kameruni, Rwanda na Uganda wako watu waliovimba miguu kama matende, ilhali hawakuumwa na mbu wa matende. Chanzo ni kutembea miguu mitupu kwa miaka mingi juu ya udongo mwekundu wa volkeno, ambao chembechembe zake hupenya ngozini na kuziba mishipa midogo ya maji ya mwili. Mtalii wa siku mbili hatapatwa na hayo. Anayeweza kupatwa ni mkulima na mtoto wake, na kinga yao ni viatu, maji na sabuni. Tukumbuke hayo tunapotupa viatu vya zamani.

Wahenga walisema kupanda mchongoma, kushuka ndiyo ngoma. Wapandaji wengi huumiza magoti na vifundo wakati wa kurudi, wakiwa wamechoka na wana haraka ya kuoga. Unaposhuka, misuli ya mapaja hufanya kazi ya kukuzuia, nayo huumia kuliko ulipokuwa unapanda. Ndiyo sababu maumivu hukolea siku ya pili au ya tatu baada ya safari. Piga hatua fupi, kunja magoti kidogo, na utumie fimbo.

Nani asubiri kwanza?

Mwenye pumu, ugonjwa wa moyo, presha isiyodhibitiwa, kisukari au selimundu, pamoja na mama mjamzito, amwone daktari kabla ya kulipa nauli. Si kwamba wote watakatazwa. Mwenye pumu aliyetulia anaweza kwenda akiwa na dawa yake ya kuvuta mfukoni, si kwenye mzigo wa mpagazi aliyetangulia. Mwenye kisukari abebe kitu kitamu na akague nyayo zake kila jioni. Mwenye selimundu ajue kwamba kukauka mwili, baridi na uchovu vyaweza kumletea maumivu makali mahali ambapo hospitali iko mbali kwa mwendo wa siku nzima.

Malaria nayo haijatokomezwa Ngazidja. Mwaka 2013 watu wa kisiwa hicho walipewa dawa kwa wingi, wagonjwa na wazima, na maradhi yakapungua sana, lakini hayakuisha. Aliyekulia Nairobi hana kinga ya kutosha. Muulize daktari kuhusu dawa za kujikinga, lala ndani ya neti ukiwa pwani, na ukipata homa baada ya kurudi, hata ikiwa ni wiki kadhaa baadaye, nenda ukapimwe siku hiyohiyo na useme ulikokuwa.

Maandalizi ya miezi miwili

Usitoke kwenye kiti cha ofisi ukaenda moja kwa moja kreta. Majuma mawili ya kwanza, tembea dakika 30 kwa siku tano, kwa mwendo wa kukuwezesha kuzungumza lakini si kuimba. Majuma mawili yanayofuata, acha lifti na upande ngazi, kisha ushuke nazo. Mwezi wa pili, tafuta kilima kila Jumamosi na ubebe mkoba wenye chupa za maji, ukianza na kilo 3 na kuongeza kidogo kidogo. Pumzika siku nne au tano za mwisho.

Chagua majira ya kusi, Mei hadi Oktoba, ambapo mvua huwa chache kuliko wakati wa kashkazi. Ondoka saa kumi na mbili asubuhi. Na kabla hamjaanza, kubalianeni kwa sauti saa ya kugeuka: ikifika saa fulani hamjafika mahali fulani, mnarudi, hata kilele kikiwa kinaonekana. Uamuzi huo ufanyike chini, akili zikiwa zimetulia, kwani juu kila mtu huona aibu kuwa wa kwanza kusema "turudi". Wa kwanza kusema hivyo aheshimiwe.

Jipime

1. Kwa nini Karthala haina mto ilhali mvua ni nyingi?
2. Watu watatu na mpagazi mmoja watahitaji lita ngapi kwa siku mbili?
3. Mwenzako ameanguka katika shimo lenye harufu ya yai viza. Utafanya nini, na hutafanya nini?
4. Kwa nini kichwa kinachouma kwenye mita 2,000 hakilaumiwi mwinuko kwanza?

Majibu yote yamo katika makala. Ukiyapata manne, uko tayari kuanza mazoezi. Ukikosa la tatu, rudia somo lote. Mlima haukimbii, na tahadhari ni kabla ya athari.